Kitulo: Bustani ya Mungu iliyokaribia kuliwa

Jamani wasomaji wangu, nimepotea kidogo lakini nina sababu. Nilikuwa Kitulo naangalia maua.

Najua wengine mmeshaanza kucheka. Sisi wa mjini tuna kasumba moja: ukimwambia mtu twende hifadhini, swali la kwanza ni "kuna simba?" Kitulo simba hakuna. Kuna maua, ndege na upepo wa baridi unaokufanya ujute kuliacha sweta nyumbani. Lakini nimerudi na kisa ambacho sikufundishwa darasani, na leo nataka tukiangalie pamoja.

Kwanza tuelewane mahali penyewe. Ukitoka Mbeya mjini unachukua gari la barabara kuu hadi Chimala. Hapo unatafuta usafiri wa kupanda Matamba kupitia kona zile maarufu wanazoziita Hamsini na Saba. Mimi nilianza kuzihesabu nikaishia ya ishirini, tumbo likakataa. Ukitoka mapema asubuhi, jioni unaweza kuwa umerudi Mbeya. Wa Iringa mjini jipangeni kulala, maana ni mbali. Juu kabisa unakuta uwanda wa majani ulio kwenye mwinuko wa kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Ukienda kati ya Desemba na Machi, mvua ikiwa imekolea, unakuta uwanda umejaa rangi: njano, nyekundu, zambarau, nyeupe. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea nao wakapabatiza Serengeti ya Maua.

Jina jingine lililowahi kutumika ni la mgeni. Mwaka 1877 alipita huku Mwingereza mmoja, James Frederic Elton, balozi mdogo wa nchi yake kule Msumbiji ambaye kazi yake ilikuwa kufuatilia biashara ya watumwa. Alitokea Ziwa Nyasa, akapanda milima hii, kisha akaendelea kuelekea pwani. Hakufika. Alifariki Ugogo Desemba mwaka huohuo. Ramani za wakoloni zikapaita huku Uwanda wa Elton, kana kwamba Wakinga, Wawanji, Wasafwa na Wanyakyusa hawakuwahi kupaona. Leo ukiuliza Matamba kwa Elton ni wapi, utaangaliwa tu.

Sasa tuje kwenye barabara, maana kisa chenyewe kinaanzia hapo.

Mwaka 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wake kule Rhodesia, na Zambia ikajikuta imebanwa. Shaba ilihitaji njia ya kutoka na mafuta yalihitaji njia ya kuingia. Ndipo barabara ya Dar es Salaam hadi Zambia ikaimarishwa, na Wachina wakaja kujenga reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975. Nyanda za Juu Kusini, zilizokuwa pembezoni, zikawa njiani. Viazi mviringo vya Makete na Mbeya vikapata soko la mbali. Pareto ikasafiri. Tunduma ikawa mji wa biashara.

Na kuna mzigo mwingine uliokuja kupita njia hiyohiyo kimyakimya.

Wazambia wana chakula kinaitwa chikanda. Asili yake ni kaskazini ya nchi yao, kwa Wabemba, lakini kimeenea hadi Lusaka na miji ya shaba. Unachukua viazi vidogo vya ardhini, unavikausha, unavisaga, unapika na unga wa karanga, magadi na pilipili mpaka vinashikana. Kikipoa kinakatwa vipande kama keki. Waliokula wanasema ni kitamu na mimi siwabishii. Ila viazi hivyo ni vya okidi, ua lilelile ambalo wenzetu wanalipiga picha Kitulo. Okidi za kwao zilipoadimika, wafanyabiashara wakavuka mpaka. Kufikia miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, magunia yalikuwa yanatoka Makete na Mbeya kuelekea Tunduma.

Angalia ugumu wake. Okidi hizi huwa na viazi viwili, cha zamani kinachosinyaa na kipya cha kuotea mwakani. Mchimbaji anataka kile kipya, kilicho kigumu. Akikitoa, mmea umekufa. Na anaujuaje mmea wenyewe katikati ya majani yote yale? Kwa ua. Kwa hiyo unang'olewa kabla haujamwaga mbegu. Mbegu nazo ni ndogo kama vumbi, hazina akiba ya chakula ndani, na haziwezi kuota bila kusaidiwa na aina fulani ya ukungu wa udongoni. Shimo moja la jembe linaweza kuhitaji miaka kuzibika.

Watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi waliifuatilia biashara hii, na mwaka 2003 wakachapisha makadirio yao: viazi vinavyovuka kwenda Zambia vinaweza kufikia milioni nne kwa mwaka. Milioni nne! Hiyo ni mimea milioni nne, mmoja mmoja.

Serikali ilikuwa imeanza kuamka. Mwaka 2002 Rais Benjamin Mkapa alitangaza nia ya kuifanya Kitulo hifadhi ya taifa, na mwaka 2005 ikawa rasmi chini ya TANAPA, ikiwa na kilomita za mraba zipatazo 412. Ni hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa sababu ya mimea. Ina aina zipatazo 350 za mimea, na kati ya hizo 45 ni okidi za ardhini. Wakati huo Makete ilikuwa bado mkoa wa Iringa. Mkoa wa Njombe ulizaliwa mwaka 2012.

Mwaka huohuo wa 2005 dunia ikatangaziwa nyani mpya. Kikundi cha Davenport kilikuwa kimewasikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimsimulia mnyama mwenye aibu anayeitwa kipunji. Walimwona mlima Rungwe mwaka 2003, kisha kwenye msitu wa Livingstone ambao leo uko ndani ya hifadhi ya Kitulo. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe. Magazeti ya nje yaliandika "amegunduliwa". Wazee wa Rungwe walikuwa na jina lake siku zote.

Hapo ndipo roho yangu inapouma kidogo. Waliokuwa wakichimba chikanda hawakuwa matajiri. Wengi walikuwa kina mama na watoto wa vijijini, wakitafuta hela ya daftari na sabuni, na faida nono ilibaki kwa wenye magari. Hifadhi ilipokuja, mama yule alizuiwa jembe lake. Mimi nimepewa njia ya kutembea na ruhusa ya kupiga picha. Sisemi hifadhi ilikosea, maana bila hiyo huenda leo ningeangalia majani matupu. Ninachosema ni kwamba ua lile lina gharama, na anayeilipa kila siku ni mtu wa Matamba, wala si mimi niliyekuja na Coaster.

Kwa hiyo ukienda, usipite tu. Lipa kiingilio, mchukue kijana wa pale akuongoze, kula pale pale, nunua viazi vyao njiani. Na ukipita Tunduma ukakaribishwa kipande cha chikanda, kabla hujatia mdomoni uliza mzizi wake umetoka wapi.

Barabara iliyoyabeba yale magunia ndiyo hiyo iliyotupeleka sisi. Tukienda wengi na kuacha hela kijijini, mama wa Matamba atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kuliacha ua libaki ardhini.

Mvua zijazo narudi. Nani tunaenda wote?