Kilele cha Irente na Bonde la Mazinde

Wapendao kutembea hupanda Irente, karibu na Lushoto, mpaka ukingoni mwa jabali ambako mlima wa Usambara hukatika ghafula. Chini, karibu mita 1,000, huonekana Mazinde katika Wilaya ya Korogwe, mashamba ya mkonge, njia ya reli, na nyika itandaayo kuelekea upande wa Handeni. Asimamaye pale hudhani kuwa aliye juu ndiye mtawala wa kilicho chini. Historia ya mahali hapo yasema vingine.

Habari za Wakilindi zasimulia kwamba Mbega, mwindaji kutoka Nguu, aliipanda milima hii, na Washambaa wakampa utawala Vuga. Kwa muda mrefu mlima ulistahili heshima yake. Ulikuwa na mvua, migomba na kimbilio mbali na wavamizi wa nyikani. Kodi ilipanda kwa mfalme aliyekaa juu. Ndivyo Krapf alivyomkuta Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848.

Lakini pembe za ndovu hazikupita milimani. Misafara ya Pangani ilishika njia ya bondeni, na Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa amekaa Mazinde, penye njia hiyo. Biashara ilimpatia bunduki na baruti. Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti kilirithiwa na mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja alimpiga vita akamfukuza Vuga, kisha akamtawaza mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu. Yeye hakuhamia huko, alibaki Mazinde. Kiti kilikuwa kileleni, nguvu zilikuwa bondeni.

Gharama yake ililipwa na raia. Katika vita vile watu walitekwa wakauzwa, hata na machifu waliopaswa kuwalinda. Nao Wabondei waliasi utawala wa Wakilindi katika maasi yaitwayo Kiva. Wajerumani walipojenga reli, iliyofika Mombo mwaka 1905, nayo ilifuata chini ya mlima.

Basi msafiri afikaye Irente na aufurahie uzuri wa mbele yake, kwani ni haki yake. Ila akumbuke kuwa kimo humpa mtu macho ya kuona mbali, hakimpi mamlaka. Katika nyika ile ile aitazamayo kwa raha, wengine waliwahi kutembea bila hiari, wala hawakurudi.