Dawa za ganzi kwa jino lililovimba

Wengi wetu hapa Kailo hungoja mpaka jino livimbe ndipo tuende kwa mganga wa meno, na hapo sindano ya ganzi hukataa kushika. Mgonjwa akilalamika huambiwa avumilie. Tunapenda ieleweke kwamba huo si woga. Sababu iko mwilini.

Kwa nini haishiki

Penye uvimbe nyama huwa na asidi zaidi, na asidi huzuia sehemu ya dawa isipenye ndani ya neva. Neva yenyewe nayo, ikiisha kuchokozwa, hupeleka maumivu upesi. Magego ya chini ndiyo magumu zaidi, maana mfupa wake ni mnene.

Dawa zenyewe

*Lidokaini* ilitengenezwa Uswidi mwaka 1943, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa meno huwa ya asilimia 2 pamoja na adrenalini, inayobana mishipa ya damu ili ganzi idumu kama saa moja.

*Artikaini* ilianza kutumika Ujerumani miaka ya 1970. Huwa ya asilimia 4. Ikichomwa kwenye neva kuu ya taya la chini, haiishindi lidokaini kwa mbali. Lakini ikiongezwa kwenye ufizi kando ya jino, mara nyingi hufaulu zaidi. Haishauriwi kwa watoto walio chini ya miaka 4.

*Mepivakaini* ya asilimia 3 haina adrenalini. Ganzi yake ni fupi, ila humfaa asiyepaswa kupewa adrenalini.

Kukiwa na lidokaini tu

Mganga anaweza kuongeza sindano kando ya jino, bila kupita kipimo kinachoruhusiwa kwa uzito wa mgonjwa. Ibuprofeni saa moja kabla husaidia ganzi kushika, isipokuwa kwa mjamzito au mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo. Antibiotiki haziondoi maumivu ya kiini cha jino.

Mgonjwa akisikia maumivu, ainue mkono. Mganga asimame, aongeze ganzi. Na uso ukivimba pamoja na homa, au kumeza na kupumua kukiwa kugumu, tusingoje kesho: tumpeleke mgonjwa hospitali ya Kindu mara moja.