Wake Waliorudi Kudai: Mapenzi na Mizuka katika Fasihi ya Japani

Katika hadithi za kale za Japani, mwanamke aliyedhulumiwa na mpenziwe hupata nguvu akishakufa. Akiwa hai hana wa kumlalamikia. Akiwa mzuka, mwanamume hana pa kujificha. Mganga na hirizi humchelewesha tu.

Msingi uliwekwa na Murasaki Shikibu katika Hadithi ya Genji, mwanzoni mwa karne ya 11. Bibi Rokujo, mjane wa mwanamfalme, amepuuzwa na mpenziwe Genji. Siku ya sherehe, watumishi wa Aoi, mke wa Genji, wanalisukuma kando gari lake mbele za watu. Roho ya Rokujo inamtoka angali hai na kumwandama Aoi, ambaye anafariki baada ya kujifungua. Rokujo hakukusudia. Anajishuku anapoisikia katika nguo zake harufu ya mbegu zilizochomwa kumpunga Aoi. Anaosha nywele na kubadili mavazi, harufu haitoki. Genji hakupona hapo: Rokujo alirudi tena hata baada ya kufa kwake.

Mwaka 1776 Ueda Akinari alichapisha Ugetsu Monogatari, na ndani yake wamo wake wawili wanaofaa kusomwa pamoja. Isora ameibiwa fedha na mumewe Shotaro, aliyetoroka na kahaba. Isora anakufa kwa uchungu, kisha anamfuata. Shotaro anajifungia nyuma ya hirizi kwa siku 42 zilizobaki, kwani roho huaminiwa kutangatanga siku 49 baada ya kifo. Usiku wa mwisho anadhani kumekucha, anafungua mlango. Kinachopatikana ni damu na fundo la nywele zake. Mwenzake, Miyagi, ameachwa miaka saba na mume aliyekwenda Kyoto kuuza hariri. Mume anarudi, analala naye, na asubuhi anajikuta katika gofu: mkewe alikufa zamani. Anamlilia, na hadhuriki. Mwongozaji Mizoguchi aliitumia hadithi hiyo katika filamu yake ya mwaka 1953.

Mwaka 1825, mjini Edo, Tsuruya Nanboku wa Nne alileta kisasi kwenye jukwaa la kabuki. Oiwa, mzazi aliye arobainini, analetewa sumu kwa jina la dawa, na jirani anayemtaka mumewe Iemon awe mkwewe. Uso unaharibika, nywele zinanyonyoka kwenye kitana. Baadaye anamtokea Iemon kutoka ndani ya taa ya karatasi, na sala za watawa hazifui dafu. Hadi leo waigizaji humzuru Oiwa hekaluni kabla ya kumwigiza.

Mzuka mwingine, Otsuyu, hana kisasi chochote. Kisa chake kilitoka China, Asai Ryoi akakifanya cha Kijapani mwaka 1666, na simulizi ya San'yutei Encho ikachapishwa mwaka 1884. Otsuyu amekufa kwa kumtamani mpenziwe Shinzaburo, na kila usiku mlio wa mitalawanda hutangulia kuja kwake. Shinzaburo anabandika hirizi. Jirani anahongwa ryo 100 za dhahabu na kuzibandua. Asubuhi Shinzaburo ni maiti.

Waliojifungia wote wameangamia, awe aliyewajia ana chuki au mapenzi. Aliyenusurika ni mume wa Miyagi, aliyerudi kwa miguu yake mwenyewe na kumwombolezea mkewe. Waandishi hawa waliona kwamba marehemu anadai haki ya kuliliwa, na asiyeilipa atafuatwa.