Tharia Topan: Tajiri wa Merikani Aliyeshika Forodha ya Unguja

Siku ya soko Kachibora, chini ya milima ya Cherang'any, muuza leso hutandika turubai, akapanga leso zake jozi kwa jozi, na daftari akaliweka karibu. Mteja ambaye hana pesa leo huandikwa jina. Atalipa mahindi yakiuzwa. Miaka 150 iliyopita, kabla ya sarafu kuzoeleka bara, kitambaa chenyewe ndicho kilichokuwa pesa. Madeni yake yaliandikwa Unguja, na mmoja wa walioyaandika alikuwa Tharia Topan.

Alizaliwa mwaka 1823 huko Lakhpat, Kutch, magharibi ya India, katika jamaa ya Makhoja, Waislamu wa madhehebu ya Ismailia. Alifika Unguja angali mvulana. Simulizi inayopendwa sana husema alijificha ndani ya jahazi. Akaajiriwa katika nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyokuwa imekodishiwa na Sultani ukusanyaji wa ushuru wa forodha. Humo akajifunza kuandika na kupiga hesabu, akawa karani, akatumwa kudai madeni, hatimaye akasimamisha biashara yake mwenyewe.

Biashara hiyo ilisimama juu ya merikani, kitambaa kigumu cha pamba ambacho hakikupaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Mkataba wa 1833 kati ya Sultani Seyyid Said na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5, na meli za mji wa Salem zikamiminika. Topan alishirikiana na kampuni ya John Bertram wa mji huo. Bara, kitambaa kilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono minne ni shuka, minane ni doti. Kwa doti msafara ulinunua chakula, ukalipa hongo, yaani ada ya kupita, kwa watawala wa njiani na ukapata pembe za ndovu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikaadimika, na vitambaa vya Uingereza na India vikapata nafasi.

Nguvu ya Topan ilikuwa mkopo. Aliwapa wenye misafara mali leo, wamlipe kwa pembe wakirudi, hata kama ni baada ya miaka. Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, alisafiri kwa mali yake. Mvumbuzi Stanley naye, alipojiandaa kuvuka bara miaka ya 1870, alimtegemea na akamsifu kwa uaminifu. Lakini tuseme kweli yote: misafara hiyo iliyoendeshwa kwa mkopo iliandamana na utekaji wa watu, na pembe nyingi zilifika pwani mabegani mwa watumwa. Utajiri wa Unguja hauwezi kutenganishwa na machozi hayo.

Kutoka dukani aliingia katika siasa. Mwaka 1876 alichukua ukodishaji wa forodha kutoka kwa nyumba ile ile iliyomlea, akaushika hadi 1880. Aliyeshika forodha alishika mfuko wa dola, na Sultani Barghash akamfanya mshauri wake. Mwaka 1890 Malkia Victoria alimtunuku cheo, akaitwa Sir Tharia Topan.

Huku kwetu magharibi mwa Kenya pia kitambaa kilifika. Misafara ya Waswahili ilipiga kambi kwa Nabongo, mfalme wa Wanga, mahali panapoitwa leo Mumias, ikitafuta pembe. Mvumbuzi Joseph Thomson alipofika huko mwaka 1883, kisha akaenda Mlima Elgon, aliandamana sehemu ya safari na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani. Wapagazi wao walibeba shanga, nyaya na nguo kutoka pwani.

Topan alifariki India mwaka 1891. Hospitali aliyoianzisha Unguja mwaka 1887, kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, ilikamilika 1894, yeye akiwa kaburini. Jengo bado linatazama bahari, roshani zake za mbao zikiwa na nakshi kama ushonaji wa darizi.

Wengi hupita pale wakisifu nakshi. Mimi huwaza daftari: kalamu moja ilimwezesha kijana maskini kukaa karibu na kiti cha Sultani, na kalamu hiyo hiyo ikaandika deni lililolipwa na watu ambao hawakukopa chochote. Muuza leso wa Kachibora anapomwandika jirani yake, anayeandikwa ndiye aliyekopa, na ndiye atakayevaa leso.