Uwanja jumuishi wa michezo ya watoto

Uwanja jumuishi wa michezo ya watoto ni mahali pa kuchezea palipobuniwa tangu mwanzo ili mtoto mwenye ulemavu na asiye nao wacheze pamoja, kwenye vifaa vilevile na kwa wakati uleule. Bembea ya kiti mwendo iliyowekwa peke yake ndani ya uzio, mbali na bembea nyingine, humwezesha mtoto kubembea, lakini haimpi wenzake wa kucheza nao. Uwanja wenye kifaa cha namna hiyo bado si jumuishi.

Haki ya kucheza imo katika ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zimeuridhia, unazitaka nchi katika ibara ya 30 kuhakikisha kwamba watoto wenye ulemavu wanashiriki michezo sawa na wengine. Viwanja vyenyewe vilianza kabla ya mkataba huo. Mjini London, mbunifu wa bustani Marjory Allen, aliyekuwa akipigania viwanja ambavyo watoto hujijengea michezo yao wenyewe, alishiriki kuanzisha kimoja cha watoto wenye ulemavu mtaani Chelsea mwaka 1970. Nchini Marekani msukumo mkubwa ulitokana na sheria ya mwaka 1990 inayokataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu, kisha viwango vya ujenzi vya 2010 vikataja viwanja vya michezo waziwazi.

Viwango hivyo vinafaa kujulikana, pamoja na kasoro zake. Njia ya mteremko inayopanda kwenye jukwaa la kuchezea haipaswi kuwa kali kuliko 1 kwa 12. Jukwaa la kimo cha mita 1.5, kwa hiyo, linadai njia ya mita 18, na hapo gharama huwakatisha tamaa wajenzi wengi. Vinaruhusu pia njia nafuu: kibaraza cha kimo cha sentimita 28 hadi 45 hivi, ambapo mtoto hujihamisha kutoka kwenye kiti mwendo na kupanda kwa mikono. Wanaokitetea kibaraza hiki husahau kwamba kiti hubaki pale pale. Mtoto akishaserereka hadi chini, kiti chake kiko upande wa pili wa uwanja. Kilima cha udongo kilichoshindiliwa, chenye ubao wa kuserereka uliolazwa juu ya mgongo wake, hutatua sehemu kubwa ya tatizo la kupanda: njia hupanda polepole kuzunguka kilima, na hakuna jukwaa la kuanguka kutoka juu yake.

Sakafu ndiyo sehemu inayoharibu viwanja vingi. Mchanga hupunguza madhara ya kuanguka, lakini magurudumu huzama na magongo hudidimia. Mpira laini uliomwagwa na kugandishwa hutimiza mahitaji yote mawili, ila ni ghali. Fedha zisipotosha, mchanga unaweza kubakizwa chini ya vifaa vya kupanda, huku njia ya changarawe au udongo ulioshindiliwa ikiunganisha lango, kivuli, na vifaa ambavyo mtoto huvifikia akiwa bado kwenye kiti.

Upande wa hisi ulichelewa kuingia katika ubunifu wa viwanja. A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo wa California, alieleza katika miaka ya 1960 na 1970 jinsi ubongo unavyounganisha taarifa zinazopitia milango ya fahamu. Mbali na ile mitano, alizingatia hisi ya mizani ya mwili, ambayo huamshwa na kubembea na kuzunguka, na ile ya misuli na viungo, ambayo huamshwa na kusukuma, kuvuta na kuning'inia. Watoto wengi wenye usonji hupokea hisi kwa nguvu mno au kwa udhaifu mno. Mtoto mmoja anaweza kuziba masikio kwa kelele ndogo, lakini akazunguka kwa dakika nyingi bila kizunguzungu.

Uwanja unaozingatia hisi, basi, hauwi kimya wala haujazwi rangi na milio. Unapangwa kwa kanda. Vifaa vya kuzunguka na vya muziki hukaa mbali na sehemu tulivu, na kati yake huachwa mahali ambapo mtoto anaweza kutazama wenzake kabla ya kuamua kujiunga. Kijibanda cha kujificha lazima kimfiche mtoto dhidi ya kelele, si dhidi ya macho ya mlezi. Ngoma na marimba zifae kupigwa na mtoto mwenyewe, zinyamaze anapoondoka. Uzio wenye lango moja huwapa utulivu wazazi wa watoto wanaotoroka ghafla. Badiliko la sakafu linalohisiwa kwa mguu au kwa fimbo nyeupe humwonya asiyeona kwamba bembea iko mbele, na ubao wa picha humwezesha asiyezungumza kuonyesha anachotaka.

Magical Bridge, uliofunguliwa mwaka 2015 mjini Palo Alto, California, ni mfano mzuri wa mpangilio huu: una kanda za kubembea, kuzunguka na kuserereka, vijibanda vya kutulia, na nyumba ya kuchezea ya ghorofa ambayo kiti mwendo hufika juu yake.

Mahitaji mengine hugongana. Ubao wa kuserereka wa plastiki huzalisha umeme tuli unaoweza kuvuruga vifaa vya usikivu vinavyopandikizwa, hasa vya zamani. Wa chuma hauna shida hiyo, ila kwa jua la Dar es Salaam au Mombasa huunguza ngozi adhuhuri, isipokuwa uwekwe kivulini. Kivuli chenyewe, katika Afrika Mashariki, ni sehemu ya ujumuishi: mtoto mwenye ualbino, ambaye ngozi yake haina kinga ya jua na macho yake huumizwa na mwanga mkali, hawezi kuutumia uwanja ulio wazi hata kama njia zake zote zinapitika. Mkungu au mwarobaini hufaa. Mnyaa, unaopendwa kwa ua, haufai, kwa kuwa utomvu wake huchoma macho.

Choo chenye nafasi ya kumlaza na kumbadilisha nguo mtoto mkubwa husahauliwa mara nyingi, na familia hulazimika kurudi nyumbani mapema. Baada ya ufunguzi kinachobaki ni matengenezo: kufagia mchanga unaofunika njia, kupaka mafuta bawaba za lango zinazoliwa na chumvi ya bahari, na kuziba mipasuko ya sakafu kabla gurudumu halijanasa.