Diski Haijafa, Imekosa Mkalimani: Miaka 40 ya Kusaka Draiva

Kuna maneno matatu ambayo yamewapotezea wasee wengi picha, biti na project za chuo: "Hii diski imekufa." Ukishaambiwa hivyo unatoa doo ya diski mpya, ile ya zamani inatupwa ama inafutwa, mchezo kwisha.

Wakati mwingine ni kweli. Diski hufa kama kitu kingine chochote. Lakini kuna siku diski iko fiti kabisa na shida iko kwingine: Windows haijui kuongea na kontrola. Kontrola ni ile chipu inayosimamia mazungumzo kati ya kompyuta na diski. Draiva, na hapa sisemi dereva wa mat, ni programu ndogo inayoipa Windows lugha ya hiyo kontrola. Bila mkalimani huyo, diski yenye data yako yote inaonekana kama haipo.

Msimamo wangu ni huu: draiva ya diski huchaguliwi na jina lililo mbele ya kompyuta. Inachaguliwa na kontrola iliyo ndani, na hali ambayo BIOS imeiweka. Ukitaka kujua kwa nini, lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu shida hii ni moja na imekuwa ikirudi tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Zamani kontrola ilikuwa kadi

Mwaka 1983 IBM walitoa kompyuta yao ya XT ikiwa na diski ya MB 10. Ndiyo, kumi. Picha tatu nne za simu yako zinaijaza. Diski yenyewe ilitoka kwa Seagate, lakini kontrola ilikuwa kadi nyingine kubwa, ya kampuni iliyoitwa Xebec, imechomekwa ndani ya mashine. Ukitoa kadi hiyo na kuweka ya kampuni nyingine, mara nyingi ilibidi diski ifomatiwe upya kabla isomeke. Data ilikuwa imefungwa kwa kadi iliyoiandika.

Katikati ya miaka ya 80, Western Digital na Compaq wakaleta wazo safi: mbona kontrola isikae juu ya diski yenyewe? Hiyo ndiyo IDE. Maisha yakawa rahisi. Diski ya kampuni yoyote iliongea lugha moja na mazabodi, na mfumo ulikuja ukiijua tayari.

Upande wa seva ulikuwa tofauti. Huko kulitawala SCSI, iliyopitishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 1986, na pia RAID, wazo la kuunganisha diski kadhaa za bei nafuu zifanye kazi kama moja, ambalo Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilieleza mwaka 1988. Kila kampuni ilikuwa na kadi yake na draiva yake. Microsoft hawangeweza kubeba draiva zote ndani ya CD moja. Kwa hivyo kwenye Windows 2000 na XP wakaacha mlango wa pembeni: mwanzoni kabisa mwa kuweka Windows, unabonyeza F6, halafu unaingiza draiva yako kwa flopi.

XP ilizaliwa mapema

Sasa angalia tarehe. Windows XP ilitoka Oktoba 25, 2001. SATA, ile kebo nyembamba iliyoondoa utepe mpana wa IDE, ilifika 2003. AHCI, lugha ambayo Intel waliichora ndiyo kontrola za SATA ziongee vizuri, ilifika 2004. Kwa hivyo CD ya XP haingeweza kuijua AHCI. Ilikuwa imeshachapishwa.

Matokeo yake: unachukua desktop mpya, unaweka CD ya XP, inakuambia haijaona diski yoyote. Ama inakurushia skrini ya bluu yenye msimbo 0x0000007B, yaani Windows imeshindwa kufikia diski inayotakiwa kuwakia. Ukibonyeza F6 inadai flopi, na desktop mpya zilikuwa zimeanza kuja bila tundu la flopi. Manze, hiyo ni kuambiwa ulipe kwa noti ambayo benki imeacha kutoa.

Watu walitoka kwa njia mbili. Wengine waliingia BIOS na kuweka kontrola kwa hali ya IDE, ijifanye ya kizamani ndiyo XP iielewe, hata kama hiyo ilimaanisha kupoteza baadhi ya uwezo wa AHCI. Wengine walitumia programu kama nLite kutengeneza CD yao ya XP ambayo draiva iko ndani tayari.

Vista ilipofika madukani 2007 ilikuja ikiijua AHCI, na ikakubali draiva kutoka kwa CD ama fleshi. Lakini ikaleta mtego mpya, na Windows 7 ya 2009 ikaurithi: wakati wa kuwekwa, Windows huangalia ni kontrola gani inatumika, halafu draiva za aina zingine inazilaza. Ukibadilisha hali kwa BIOS baadaye, Windows inaamka, inamtafuta mkalimani, inakuta amelala. Skrini ya bluu. 0x0000007B tena.

Betri ndogo, hasara kubwa

Hapa ndipo historia inafika mtaani. Desktop nyingi tunazonunua mjini ni ex-UK: zimefanya kazi ofisini huko ng'ambo miaka kadhaa kabla ya kuja kwetu. Ndani ya kila moja kuna betri ndogo ya duara, CR2032, ile ile ya rimoti ya gari, inayosaidia mashine kukumbuka saa na mipangilio ya BIOS. Betri hiyo ikizeeka, kuna mashine zinazosahau kila kitu na kurudi vile kiwanda kilizipanga.

Chukua mfano wa Dell OptiPlex. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwa hali ya RAID, hata kama ndani kuna diski moja tu. Tuseme aliyekuuzia aliweka Windows ikiwa kwa AHCI. Miaka miwili baadaye betri inakufa, stima inapotea usiku, BIOS inarudi kwa RAID. Asubuhi unawasha: bluu. Hakuna mtu amegusa kitu. Ukiipeleka kwa fundi mwenye haraka, atafomati, na project yako itaenda na maji. Dawa ilikuwa kuweka betri mpya na kurudisha neno moja kwa BIOS.

Unadhani tumemaliza? La

Mwaka 2011 ikaja NVMe, lugha ya zile SSD nyembamba kama kipande cha chingamu. Windows 8.1 ya 2013 ilikuja ikiijua. Diski ya kuweka Windows 7 haikuijua, na watu wakarudi kule kule kwa akina XP.

Halafu kuanzia 2020, na vizazi vya 11 na 12 vya prosesa zake, Intel ikasambaza kwa mashine za kawaida kitu kinachoitwa VMD, kinachokaa mbele ya SSD na kuisimamia. VMD ikiwa imewashwa, unaweza kuchomeka fleshi ya Windows 10 ama 11, ufike pale pa kuchagua diski, ukute orodha tupu. SSD mpya, mashine mpya, Windows ya kisasa, na bado hakuna kitu.

Nenda upakue draiva kutoka Intel uifungue. Utakuta folda yenye jina kama f6vmdflpy-x64. Soma pole pole. F6 ni kile kitufe cha enzi za XP. Flpy ni flopi. Mashine ambayo haijawahi kuona flopi maishani bado inabeba jina lake. Shida haijabadilika tangu 2001: mfumo hauwezi kuijua kontrola iliyozaliwa baada yake.

Sasa, unachagua vipi?

Kwanza, ingia BIOS uone diski yako imeorodheshwa ama la. Ikiwa ipo, usikubali kuambiwa imekufa kabla draiva na mipangilio haijaangaliwa. Ikiwa haipo, angalia kebo kwanza; hapo ndipo habari ya kifo inaweza kuwa ya kweli.

Pili, piga picha ya mipangilio kabla ya kugusa chochote. Ni IDE, AHCI, RAID ama VMD? Kwa mashine nyingi, chipu ile ile hujitambulisha kwa namba tofauti kulingana na hali hiyo, na ndiyo maana draiva ya AHCI inaweza kukataa kabisa mashine iliyo kwa RAID.

Tatu, tafuta namba ya kontrola. Kama Windows inawaka, fungua Device Manager, nenda kwa kontrola, usome kitambulisho chake. VEN ni kampuni: 8086 ni Intel, kwa heshima ya prosesa yao ya 1978, na 1022 ni AMD. DEV ni chipu yenyewe. Kama Windows haiwaki, washa Linux kwa fleshi, uandike lspci -nn.

Nne, linganisha. Draiva huja na faili ya .inf, na hiyo ni maandishi tu, inafunguka kwa Notepad. Tafuta ile namba ya DEV ndani yake. Ikiwepo, na draiva ni ya toleo lako la Windows, la biti 64 kwa 64, hiyo ndiyo yako. Isipokuwepo, usilazimishe. Na wakati wa kuweka Windows, folda iliyofunguliwa ndiyo inatakiwa, si faili ya .exe.

Chukua draiva kwa tovuti ya aliyetengeneza kompyuta ama chipu. Zile programu zinazojidai zitakutafutia draiva zote mara moja, achana nazo. Hujui zinakuja na nani.

Na tahadhari mbili. Kama diski imefungwa na BitLocker, kubadilisha BIOS kunaweza kukuitisha ufunguo wa kurejesha, kwa hivyo uwe nao mkononi. Na kama mashine ina diski mbili zilizounganishwa kweli kwa RAID, usihamie AHCI kabla ya kunakili data yako mahali pengine.

Kwa hivyo fundi akikuambia diski imekufa, muulize swali moja kabla atoe bisibisi: "BIOS iko kwa hali gani?" Anayejua kazi atakujibu papo hapo. Asiyejua, beba mashine yako ukatafute mwingine.