Maradhi ya Akili na Tiba Zake Unyamwezi
Miongoni mwa Wanyamwezi wa Tabora, mji uliokuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, maradhi ya akili yalitibiwa na wafumu, yaani waganga waaguzi, na chama cha Waswezi, kilichowachezea ngoma waliopagawa na pepo na kuwaingiza katika undugu wa kudumu. Siku hizi sonona, yaani huzuni nzito inayodumu wiki 2 au zaidi na kuondoa usingizi na hamu ya kula, hutibiwa kwa ushauri nasaha na vidonge kama fluoksetini, ambavyo havifai kuachwa mapema kwani huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu. Wenye skizofrenia, wanaosikia sauti zisizokuwepo, huweza kupelekwa Hospitali ya Mirembe, Dodoma. Nao wanastahili tiba, si kufungwa kamba.